Kuvua kwa ndoana kwenye maji mafupi ya Mwanza siku ya jua kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeshayajibu kwa simu, kwenye daladala ya Nyegezi, hata msibani kuna mtu alinivuta pembeni kuniuliza chambo cha sato. Sasa nimeona niyaandike mara moja, mtu akiuliza namtumia hii. Naongelea ufito na ndoana tu, mambo ya migonzo (mishipi mirefu yenye ndoana nyingi), nyavu za makila na dagaa wa usiku waulizeni wenyewe wanaokula kwa kazi hiyo.

## Ya kuanzia

Maji mafupi unamaanisha wapi hasa?

Pale ambapo ukisimama maji yanakufika gotini mpaka kifuani (nasema ukisimama, lakini usisimame, ona swali la kichocho huko chini). Ni vile vighuba vilivyoingia nchi kavu, upande mmoja matete, upande mwingine yale mawe yetu makubwa, chini mchanga au tope. Ghuba ya Mwanza imejaa sehemu za hivyo, kuanzia Bwiru kule mpaka Nyegezi na Luchelele, na ukivuka Sengerema ndo usiseme.

Victoria yenyewe kwa ukubwa wake wote sio ndefu kwenda chini. Penye kina kabisa ni kama mita 80 na wastani ni mita 40 hivi, wakati Tanganyika inashuka mpaka mita 1,470. Kwa hiyo ziwa letu ni sahani, Tanganyika ni chupa, na kwenye sahani mtu mwenye ufito wa mwanzi ana nafasi yake.

Nitapata samaki gani?

Sato ndo wa kwanza na ndo sababu ya wengi kwenda. Halafu sangara wadogo, furu, mumi (kambare), gogogo, na pembezoni mwa matete kamongo. Sangara wakubwa wapo maji marefu zaidi, wale wanafika hata mita mbili na kilo 200 lakini sio kwa ufito wako huo.

Watu wengi hawajui kwamba sato na sangara wote ni wageni hapa, wameletwa na kupandikizwa miaka ya 1950 na kuendelea. Wenyeji ni kama ngege, ndugu yake sato, na furu. Furu walikuwa aina zaidi ya 300, miaka ya 1980 sangara akawafyeka, na wazee wa rika la baba yangu wanakwambia zamani ukitupa ndoana ni furu tu mpaka unachoka. Siku hizi wamerudi kiasi.

Hivi trauti wapo? Nina ndugu yangu Ulaya kila kiangazi anatuma picha kavua trauti maji mafupi.

Hawapo na hawawezi kuishi hapa. Trauti ni samaki wa maji baridi, anafurahia nyuzi 10 mpaka 16 hivi, zikipita 20 anaanza kuhangaika na zikikaribia 25 anakufa. Maji ya juu ya ziwa letu mwaka mzima yanacheza kwenye 24 mpaka 27, maana yake kwa trauti Victoria ni sufuria iko jikoni. Ukitaka trauti Afrika Mashariki panda milimani. Kenya Waingereza waliwaleta mwaka 1905 wakawamwaga kwenye mito ya Aberdare, na kwetu wapo kwenye mito ya baridi ya Kilimanjaro na kule Rungwe.

Ila muulize huyo ndugu yako siku ya joto anavuaje. Atakwambia anaamka alfajiri, anatafuta penye chemchemi au kijito cha baridi kinachoingia, na maji yakipita nyuzi 20 anafunga vitu vyake anarudi nyumbani, kwa sababu hata trauti akimrudisha majini anakufa kwa uchovu. Samaki tofauti, lakini hesabu inafanana na ya kwetu, soma sehemu inayofuata.

Kuvua kwa ufito kunahitaji kibali?

Uvuvi Tanzania unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, na ndoana nayo ni uvuvi. Kabla ya kutupa chochote pita mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kwa BMU, wale viongozi wa mwalo, wasalimie, sema unataka kuvua wapi na kwa nini. Watakuelekeza kwa afisa uvuvi kama kuna cha kulipia, na muhimu zaidi watakuonyesha wapi ni mazalia, maana vighuba vingi vya maji mafupi ni sehemu samaki wanapozalia na hapaguswi. Ukienda kimya kimya halafu ukakutwa na doria usinitaje.

Kisiwa cha Saanane usikisogelee na ndoana kwa kichwa chako mwenyewe. Ile ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, wenyewe ni TANAPA.

## Joto, saa na mahali

Niende saa ngapi?

Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshakaa, saa nne uwe unafunga. Au saa kumi jioni mpaka jua linazama. Katikati hapo ni mateso, utapata kimoja kimoja na utarudi na kichwa kinauma.

Kuna kighuba kimoja maji yake ni ya kijani sana, hapo kanuni inabadilika, ona swali la maji ya kijani.

Kwa nini mchana hawali? Joto linawaua?

Hapana, na hili ndo swali watu wanalikosea zaidi. Sato hasumbuliwi na joto kama trauti, yeye nyuzi 28 au 30 ni nyumbani kwake kabisa. Na kwa kawaida sato ni samaki anayekula mchana. Kinachotokea siku ya jua kali kwenye maji mafupi ni vitu vitatu vinakuja pamoja.

Kwanza mwanga. Maji yakiwa gotini, yametulia na yanaonekana mpaka chini, samaki hana pa kujificha. Furukombe yuko juu ya mti, mnandi wanapiga mbizi, mdiria anaelea hewani anasubiri. Samaki yeyote aliyefikia ukubwa wa kuingia kwenye kikaango amefika hapo kwa sababu ya uoga. Pili hewa. Maji ya moto yanabeba hewa kidogo kuliko maji baridi, na sangara hasa ndo anaisikia hiyo, yeye anataka maji yenye hewa ya kutosha, ndo maana wa kwanza kupotea mchana ni yeye. Tatu wewe mwenyewe, kivuli chako kinaanguka pale pale unapotupa, na kila ukihamisha mguu kwenye mtumbwi mbao inalia na sauti inakwenda majini.

Kwa hiyo samaki yupo, amesogea tu, na mara nyingi amesogea hatua ishirini tu. Mimi nilipoteza miaka miwili hivi nakaa sehemu ile ile kuanzia asubuhi mpaka saa nane nalaumu chambo.

Sasa amesogea wapi?

Tazama vivuli kwanza. Mawe yetu ya Mwanza yana kitu kizuri, mengi yametokeza juu ya maji na chini yana mapango mapango, saa tano pale chini kuna giza na sato anakaa humo humo. Unatupa ukingoni mwa kivuli, sio katikati ya jiwe, chambo kianguke kwenye mwanga na kizame kuelekea gizani. Ukikosa mawe tafuta ukingo wa matete, au chini ya mtumbwi wa zamani uliofungwa, au chini ya kisiwa cha magugu maji kilichosimama.

Halafu tafuta mteremko. Kwenye vighuba vingi kuna mahali mchanga unaisha rangi ya maji inageuka kutoka kahawia ya chai ya maziwa kuwa nyeusi nyeusi, pale ndo kina kinashuka. Jua likipanda samaki wanarudi nyuma mpaka mstari huo, jioni wanapanda tena.

Na upepo ukianza, nenda upande unaopigwa na mawimbi japo roho haitaki. Mawimbi yanavunja mwanga, yanaingiza hewa, yanachimbua vijidudu kwenye mchanga. Watu wote wanakimbilia upande uliotulia kwa sababu ni raha kukaa, samaki wako ng'ambo.

Miezi gani ina joto kali zaidi?

Kwetu hakuna kiangazi cha kizungu, joto lipo tu, lakini Septemba na mwanzoni mwa Oktoba kabla mvua za vuli hazijachanganya ndo balaa. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linasimama utosini kabisa kwenye tarehe 29 Septemba hivi, na tena katikati ya Machi. Siku hizo saa saba mchana kivuli chako kiko chini ya viatu.

Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unapiga, ziwa linachanganyika juu na chini, asubuhi unavaa sweta. Hiyo ni hadithi nyingine.

Upepo unakuja saa ngapi?

Alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani na maji yanakuwa kioo. Kuanzia saa tano au sita nchi ikishapata moto unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu. Kwenye ufito hilo halikusumbui sana, kwenye mtumbwi linakusumbua sana. Ukiona wingu jeusi limekaa chini juu ya maji na upepo umekata ghafla, usisubiri kumalizia chambo kilichobaki.

## Vifaa na chambo

Vifaa vya chini kabisa ni vipi?

Ufito wa mwanzi mrefu kama urefu wako mara mbili, mshipi wa nailoni, ndoana ndogo ya ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho, kiboya, na kitu cha kuzamisha. Kiboya bora duniani ni kipande cha ndala. Unakata kisigino cha ndala iliyokufa, kipande kama tembe ya panadol lakini kinene mara tatu, unapitisha sindano ya moto katikati unaingiza mshipi, unabana na njiti ya kiberiti. Kinaelea vizuri, rangi unachagua mwenyewe, na kikidonolewa kidogo tu unaona. Nimenunua viboya vya dukani vya plastiki vya bei, vinameta vile kwenye jua, nikavirudisha kwenye mfuko.

Cha kuzamishia, risasi ndogo au nati ya baiskeli. Maji mafupi hayataki uzito, ukiweka nati kubwa ikianguka ni kama umerusha jiwe, dakika kumi hakuna samaki.

Ongeza plaizi ya kuchomolea ndoana, kisu, futi, deli lenye barafu. Badala ya futi unaweza kufanya kama mimi, nimechonga alama mbili kwenye ufito, moja sentimita 25 na nyingine 50, sababu yake ipo kwenye swali la vipimo.

Chambo gani kinafanya kazi?

Kwa sato, minyoo ya ardhini, wale wekundu wa kwenye udongo wa migombani au palipomwagwa maji ya vyombo. Ugali nao unakubali, ila uwe wa jana, umekauka kidogo, unaufinyanga na pamba kidogo sana ili usiyeyuke. Siku za kumbikumbi sahau vyote, tumia kumbikumbi. Mumi anapenda kinachonuka, utumbo wa kuku umekaa nusu siku juani, mkeo atakufukuza lakini mumi atakuja. Sangara anataka kitu kilicho hai na kinachocheza, wenye migonzo wanatumia furu wadogo na mumi wadogo.

Joto linaua minyoo haraka kuliko kitu chochote. Usiwaweke kwenye kopo la bati juani, waweke kwenye kipande cha gunia lililoloa na udongo wao, chini ya kivuli. Mnyoo aliyekufa kwa jua anakuwa kama uzi wa chai, sato anaupita.

Kiboya kinatikisika, chambo kinaliwa, samaki sipati. Nakosea wapi?

Unavuta mapema na unavuta kwa hasira. Sato hamezi kama sangara, anadonoa, anaonja, anatema, anarudi. Kiboya kikitikisika tulia. Kikianza kutembea pembeni, au kikilala, hapo inua ufito kwa kiwiko tu, sio kwa mwili mzima.

Mimi nilifundishwa na babu mmoja kule Luchelele, nimemkuta amekaa juu ya jiwe na kofia yake ya ukili, nikamsalimia shikamoo babu, nikakaa pembeni yake nikaanza kuvuta vuta. Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Mjukuu wangu, unavua au unachapa punda?" Halafu akanishika mkono, kiboya kikazama kidogo, nikataka kuvuta akanikaza, kikarudi juu, kikazama tena, akanikaza, halafu kikaanza kwenda zake upande wa matete taratibu kama mtu anayeondoka kwenye sherehe bila kuaga. "Haya sasa." Sato wa kiganja na nusu.

Kama hata ukisubiri bado chambo kinaliwa kishenzi shenzi, hao ni furu, mdomo wao hauingii ndoana yako. Hama au punguza ndoana.

## Usalama

Naweza kusimama majini nivue? Nasikia kichocho lakini wote tumeoga ziwani tukiwa wadogo.

Wote tumeoga na wengi wetu tulikuwa nacho, mimi mmojawapo. Kichocho kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya maji mafupi yaliyotulia, yaani hapo hapo unapotaka kusimama. Konokono anaachia vimelea majini, vinatoboa ngozi yako bila wewe kusikia, na saa anazoachia vingi zaidi ni jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane au tisa mchana. Yaani saa mbaya ya samaki ndo saa nzuri ya kichocho, ukitaka sababu moja tu ya kufunga saa nne chukua hiyo.

Vaa gambuti kama lazima uingie, na usivue penye majani yaliyozama ukiwa peku. Ukiwa umeshaingia, usikimbilie dawa kesho yake. Dawa yake prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inapona, kwa hiyo nenda kituo cha afya ukapime wiki sita mpaka nane baadaye, na dozi unapimiwa kwa uzito, usikisie dukani. Mimi nilimeza kwa kukisia, nikajisifu nimepona, miezi mitano baadaye damu kwenye choo. Na ukitaka kujisaidia, nenda mbali na maji, maana ugonjwa wenyewe unazungukia hapo.

Kiboko na mamba?

Waulize watu wa mwalo huo huo, sio wa mwalo mwingine, wao wanajua wako wapi wiki hiyo. Mchana kiboko amelala majini, jioni anatoka kula majani, na njia yake inaonekana, ni kama barabara ya mkokoteni imekatiza kwenye matete, chini imelainika. Usikae kwenye hiyo njia kuanzia saa kumi na moja jioni, usifunge mtumbwi hapo, usipite hapo kwa sababu ni njia ya mkato. Mamba, usioshe samaki ukiwa umechuchumaa pembeni ya maji sehemu moja kila siku. Chota ndoo uende juu.

Jua lenyewe nafanyaje?

Tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na upepo wa ziwa unakudanganya huna joto. Kofia pana, shati la mikono mirefu, khanga iliyolowa shingoni. Na funika magoti! Ukikaa kwenye mtumbwi magoti ndo yanatazama jua masaa manne, na mwanga unarudi tena kutoka majini, mtu mweusi nae anaungua asikudanganye mtu. Maji ya kunywa lita tatu kwa kichwa, bia subiri ukirudi.

Nikodi mtumbwi au nivue ufukweni?

Mara ya kwanza ufukweni, kwenye mawe. Mtumbwi ni mzuri kwa sababu unafika kwenye ule mteremko niliousema, lakini unataka mwenyeji wa kupiga kasia na unataka laifu jaketi, hata kama maji ni ya kifuani, maana kighuba kina mlango na upepo wa mchana unaweza kukutoa nje ya mlango. Ukimwambia mwenye mtumbwi unataka jaketi akacheka, tafuta mwingine. Mji huu ulizika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, sioni cha kuchekesha.

## Ukishapata

Samaki anakaa muda gani bila kuharibika?

Kwenye jua la Septemba, bila barafu, saa mbili tatu nyingi na jicho limeshaanza kufifia. Mtoe matumbo na mashavu hapo hapo, muoshe, muweke kwenye barafu. Huna barafu, gunia lililoloa, kivulini, penye upepo, na ulimwagie maji kila linapokauka, upepo unalipoza vizuri kuliko unavyodhani. Usimwache kwenye ndoo ya maji ya ziwa, yale maji yanapata moto na unakuwa unampika taratibu. Na mfuko wa nailoni mweusi ndo adui namba moja.

Niliwahi kununua barafu duka moja njiani, nikafungua deli saa tatu nakuta maji ya uvuguvugu, ilikuwa imegandishwa juu juu tu. Tangu siku ile nagandisha mwenyewe kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Ikiyeyuka unakunywa.

Wadogo nifanyeje?

Sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya 50 hawaruhusiwi, warudishe. Sangara wengi utakaowapata maji mafupi hawafiki 50, kwa hiyo kubali mapema kwamba unawarudisha. Lowesha mikono kwanza, mchomoe akiwa majini kama inawezekana, mshike akielekea mbele mpaka mkia upige wenyewe. Usimrushe. Siku ya joto hata dakika moja juu ya jiwe la moto inammaliza, atazama anaonekana mzima kumbe hayupo.

Sato mkubwa ukimkuta mdomoni amejaa mayai au watoto, huyo ni jike, sato analelea mdomoni. Mimi huwa namwachia hata kama amefika kipimo. Na ukiona chini kwenye mchanga kuna vishimo vya duara kama sahani vimepangana, hayo ni makazi ya madume wakati wa kuzaliana, toka hapo.

Nimpikeje?

Kila nyumba na lugha yake. Mimi sato wa kuvua mwenyewe namfanyia mchemsho, nyanya nyingi, kitunguu, ndimu, chumvi, pilipili nzima isiyopasuka, maji kidogo, basi. Mafuta na viungo wekea samaki aliyelala dukani. Na ugali wa muhogo, kwa heshima ya shemeji zangu wa Ukerewe.

## Maswali ya pembeni

Maji ya kighuba yamekuwa kijani kama rangi ya ukuta. Nivue?

Hiyo ni mimea midogo midogo imezidi, uchafu wa mjini na mbolea vinailisha. Mchana inatoa hewa, usiku inaivuta hewa yote, kwa hiyo kwenye maji ya kijani alfajiri ndo saa mbaya, samaki wanakaa juu juu wanahema midomo wazi na hawataki chambo. Hapo usiende saa kumi na mbili, nenda saa mbili jua likishawasha hiyo mimea. Hii ndo ile kighuba niliyosema kanuni inabadilika. Ukikuta povu la kijani zito ukingoni limekusanyika, usinywe, usinaweshe mtoto, usimpe mbwa.

Nimekuta samaki wengi wanaelea wamekufa. Naweza kuokota?

Hapana. Inaweza kuwa hewa imekwisha majini, inaweza kuwa mtu kamwaga sumu, wewe pale ukingoni huwezi kutofautisha. Waambie BMU.

Magugu maji yamefunga kila mahali.

Subiri upepo ugeuke, magugu yanatembea, yanaweza kufunga Kirumba leo na kesho yako ng'ambo. Kama huwezi kusubiri tafuta tundu la ukubwa wa meza, tupa wima kama unashusha ndoo kisimani. Chini ya magugu mazito hewa ni haba, utapata kamongo na mumi, sato atakuwa ukingoni.

Nimenasa samaki anapiga kelele. Ni nini hicho?

Gogogo. Anakoroma kweli, nadhani na jina limetoka huko. Usimkamate kwa kiganja, ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, anaifunga ikasimama kabisa na ina meno kama msumeno. Mshike kwa kitambaa, tumia plaizi. Akikuchoma osha kwa sabuni na usiupuuzie mkono ukivimba.

Na kamongo?

Kata mshipi. Nasema kwa mtu anayeanza. Kamongo ana taya la kuvunja kidole, hafi haraka kwa sababu anapumua hewa kama mimi na wewe, utamweka kwenye mtumbwi ukidhani amekufa na saa nzima baadaye anakuamkia mguuni. Kiangazi anajizika kwenye tope anakaa miezi. Ni mtamu, wapo wanaompenda kuliko sato, lakini wanaomvua wanajua wanachofanya.

Naweza kwenda na watoto?

Asubuhi tu, ufukweni tu, jaketi juu, na mtoto mmoja kwa mtu mzima mmoja. Wape ufito mfupi na ndoana ya furu, mtoto anataka kitu kinachonasa kila baada ya dakika tano, hataki sato wa kusubiri. Wakichoka wanaangalia mijusi, yale madume yenye kichwa chekundu na mwili wa buluu yanayopiga pushapu juu ya mawe. Mwanangu wa mwisho siku ya kwanza alivua furu watatu wa urefu wa kidole na akakataa tuwarudishe, tukabeba kwenye chupa ya maji, ikabidi niendeshe pikipiki mkono mmoja kutoka Malimbe, mama yake anatoka mlangoni anauliza "ndo hao?"